Mashimo ya Wazee: Nani Ataisoma Ardhi Iliyochimbwa ya Katanga?

Wazungu waliokwenda kutafuta shaba Katanga mwishoni mwa karne ya 19 hawakubahatisha. Jules Cornet, mwanajiolojia wa Kibelgiji aliyefika na msafara wa Bia na Francqui mwaka 1892, alitembea kutoka kilima hadi kilima, akakuta vilima vingi vyenye shaba vimekwisha kuchimbwa na wenyeji. George Grey, aliyetumwa na kampuni ya Tanganyika Concessions mwaka 1899, naye alifuata mashimo: ya Kansanshi, ambayo leo iko Zambia, ya Kambove, ya Kalukuluku, mahali palipobatizwa Étoile du Congo, karibu na palipokuja kujengwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Union Minière du Haut-Katanga ilipoundwa mwaka 1906, ilijua pa kuanzia. Kazi ngumu kuliko zote ya mtafuta madini, yaani kutambua kilima chenye mali na kilima kitupu, ilikuwa imeshafanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Vitabu vikawaita Cornet na Grey wagunduzi.

Mashimo hayo ndiyo kumbukumbu kongwe ya uchumi wa Katanga, na yana shida ambayo makaburi na magofu hayana. Kaburi la kale likiwa mbali na njia za watu laweza kukaa miaka elfu bila kuguswa. Shimo la kale la shaba, kwa hali yake yenyewe, liko pale ambapo kila kizazi kinachofuata kitataka kuchimba tena. Aliyechimba mwaka 1700 alifuta alama za aliyechimba mwaka 1300, na mtambo wa mwaka 1920 ukawafuta wote wawili. Kwa hiyo anayetaka kuandika historia ya uchimbaji wa Katanga hawezi kukaa shimoni peke yake. Inambidi aunganishe shimo na tanuru, tanuru na njia, njia na kaburi, hata akitokea upande wa pili apate habari ambayo shimo limeipoteza. Katika mnyororo huo kuna kiungo kimoja ambacho hakijaguswa ipasavyo, nacho ni nyanda za juu za Mitwaba.

Mfano wa mbali unasaidia kuonyesha jinsi kazi ya kuchimba inavyosahaulika. Mashariki mwa Uingereza kuna maziwa mengi yanayoitwa Norfolk Broads, na kwa miaka mingi wasomi waliamini kuwa ni maziwa ya asili. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea Joyce Lambert alitoboa chini ya maziwa hayo kwa vipekecho vya mkono, shimo baada ya shimo, akakuta kingo zilizokatwa wima na sakafu zilizo sawa, jambo ambalo maji hayalifanyi. Yalikuwa ni mashimo ya watu wa zama za kati, waliokata udongo mweusi wa mboji, wakaukausha na kuuchoma badala ya kuni. Bahari ilipopanda, mashimo yakafurika, na baada ya vizazi kadhaa hakuna aliyekumbuka kuwa babu zake ndio waliochimba. Anayejenga huacha ukuta, na ukuta huuliza swali wenyewe. Anayechimba huacha pengo, na pengo, likiota nyasi au kujaa maji, huonekana kama kazi ya Mungu.

Katanga imebahatika kuwa na mashahidi ambao Norfolk haikuwa nao, nao ni mimea. Sehemu kubwa ya kusini ya Katanga ni misitu ya miombo. Ghafla, katikati ya miti, hutokea kilima kilichovaa nyasi na maua mafupi tu. Udongo wake umejaa shaba kiasi kwamba miti haiwezi kushika mizizi, na mimea michache iliyozoea sumu hiyo ndiyo inayoishi humo. Mmoja wao ni Haumaniastrum katangense, wenye maua madogo ya zambarau. Mwaka 1982 watafiti watatu, akiwemo mtaalamu wa mimea François Malaisse aliyefanya kazi miaka mingi Lubumbashi, waliandika kuhusu jambo la ajabu: ua hilo huota pia mahali pasipo na madini ardhini, kwa sababu pale paliwahi kuwa na tanuru la kuyeyushia shaba. Moto ulizimika karne nyingi zilizopita, tanuru likabomoka, lakini vumbi la shaba na taka zake viliendelea kuutia udongo sumu, na ua likaendelea kuota. Kwa kufuata maua, maeneo ya wahunzi wa kale yalipatikana.

Hili ni jambo la kufikiriwa kwa uzito na kila mkazi wa Lubumbashi. Tanuru dogo la udongo wa kichuguu, lililowashwa kwa misimu michache, limeacha doa ambalo mimea inalisoma baada ya miaka mamia. Viwanda vya karne ya 20 vilivyotoa moshi juu ya jiji zima vitasomwa kwa muda gani?

Habari za jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa tunazipata kwa njia mbili. Ya kwanza ni wasafiri. Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara Waafrika waliotoka Angola kwa amri ya Wareno na kufika Tete mwaka 1811, walipita katika nchi ya chifu Katanga na kutaja mawe ya kijani na shaba iliyoyeyushwa hapo. Baadaye wakaja wageni waliofika Bunkeya, makao ya Msiri, yule Mnyamwezi aliyetoka upande wa Tabora, akajenga ufalme wa Garenganze na kutawala shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs. Shaba ya Katanga ilikwenda wakati huo kwenye pwani zote mbili, ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi, na Kiswahili kikaja Katanga kwa njia hizo hizo za biashara, miongo mingi kabla ya Union Minière kukitumia kwenye kambi zake.

Njia ya pili ni maandishi ya Jean-Félix de Hemptinne, mmonaki wa Kibenedikto aliyekuwa kiongozi wa Kanisa Katoliki Katanga. Mwaka 1926 alichapisha makala marefu juu ya wale alioita walaji wa shaba, akieleza kazi hatua kwa hatua kwa mdomo wa wazee waliowahi kuifanya. Kazi ilianza kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Wanaume walichimba kwa sururu za chuma. Mwamba ukiwa mgumu, waliuwashia moto hadi ukapasuka. Wanawake na watoto waliokota na kuchambua malakiti, lile jiwe la kijani. Matanuru yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, makaa yakachomwa kutoka miti migumu, mivuo ikapulizwa, na shaba ikamiminwa kwenye kalibu zilizochorwa mchangani. Fundi mkuu alikuwa na miiko na dawa zake, na ustadi haukufundishwa kwa kila mtu. Mvua zikirudi, watu walirudi mashambani.

Maelezo hayo ni hazina, lakini yametumiwa vibaya. Kila anayeandika juu ya shaba ya kale huyachukua na kuyarudisha nyuma miaka 1,500, kana kwamba watu wa Katanga walifanya jambo moja kwa namna moja bila kubadilika. De Hemptinne alisikiliza wazee waliofanya kazi hiyo mwishoni mwa karne ya 19, wakati Wayeke, watu wa Msiri, walikuwa wameshika hatamu, kodi ya shaba ikitolewa kwa Msiri na waya wa shaba ukivutwa kwa soko la mbali. Huo ulikuwa uchumi wa kifalme wa wakati maalumu. Akiolojia ipo ili itueleze nini kilikuwa tofauti kabla ya hapo.

Na tofauti ilikuwepo. Kwenye kijito cha Naviundu, karibu na Lubumbashi, mabaki ya kuyeyusha shaba yamepimwa na kupata umri wa karibu karne ya 4. Huko Kansanshi, mwanaakiolojia Michael Bisson alichimba katika miaka ya 1970 na kuonyesha kuwa shaba ilifanyiwa kazi hapo tangu karibu karne ya 5. Kwa hiyo ufundi wa shaba uliingia pamoja na wakulima wa kwanza wenye chuma, mapema kabisa. Lakini ni shaba kidogo, ya mapambo. Ongezeko lake, mabadiliko ya kazi yake, na swali la nani aliitaka na kwa nini, hayo hayaonekani shimoni. Yanaonekana mbali, kwenye maziwa.

Kaskazini-magharibi mwa ukanda wa shaba, mto Lualaba unapita katika bonde pana lenye maziwa na vinamasi: Bonde la Upemba. Mwaka 1957 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi ya Sanga kando ya ziwa Kisale, na kuanzia miaka ya 1970 Pierre de Maret alirudi huko na kwenye maeneo jirani, akafukua na kupanga mfululizo wa zama kwa kupima makaa na kulinganisha vyungu. Mfululizo huo ni miongoni mwa iliyo kamili kuliko yote katika Afrika ya Kati: kuanzia wanakijiji wa karibu karne ya 6, kupitia zama za Kisale zilizostawi kati ya karne ya 10 na ya 13, hadi zama za Kabamba na hatimaye ufalme wa Waluba. Bonde hilo halina shaba. Kila kipande cha shaba kilichozikwa humo kilibebwa kutoka kusini, na ndiyo maana makaburi ya wavuvi wa Kisale ni daftari la mashimo ya Kalukuluku na Kansanshi.

Daftari hilo linasema hivi. Katika zama za Kisale, shaba ni pambo na alama ya hadhi: mikufu, bangili, hirizi. Baadhi ya makaburi tajiri ni ya watoto, na mtoto hakupata mali kwa juhudi zake, alizaliwa nayo. Kisha, katika zama za Kabamba, inaingia misalaba ya shaba. Kwanza ni mikubwa, michache, imewekwa kifuani pa marehemu. Karne zikipita inapungua ukubwa, inakuwa mingi, inalingana vipimo, mingine ni ya gramu chache tu, na inakutwa imefungwa pamoja karibu na nyonga au mikono, mahali mtu anapobeba fedha. De Maret aliona hapo safari ya kitu kutoka heshima kwenda sarafu, nami sioni tafsiri iliyo bora zaidi. Sarafu ndogo yenye kipimo kimoja inahitaji fundi anayemimina mamia kwa kalibu zinazofanana, na mchimbaji anayemletea jiwe kila msimu. Makaburi ya Sanga yanatueleza kuwa kule kusini, kati ya karne ya 14 na ya 18, watu wengi zaidi walikuwa shimoni, na kwa utaratibu mkali zaidi, hata kama mashimo yao yamefutwa.

Kuna njia mpya ya kuunga pande hizo mbili. Madini ya risasi yaliyomo ndani ya shaba hubeba alama ya mwamba ilikotoka, na alama hiyo haipotei motoni. Frederik Rademakers, Nicolas Nikis na wenzao walichapisha mwaka 2019 vipimo vya kwanza vya aina hiyo kwa misalaba ya shaba ya Afrika ya Kati na Kusini. Kadiri sampuli za madini kutoka vilima mbalimbali zinavyoongezeka, itawezekana kusema msalaba huu ulitoka upande huu na si ule. Ila vipimo hivyo vinahitaji jiwe kutoka kilima chenyewe, na vilima vinaondoka.

Kati ya shaba ya kusini na makaburi ya maziwani imesimama milima ya Kibara, na juu yake, mashariki mwa Upemba, iko teritware ya Mitwaba. Ramani ikitazamwa kwa utulivu inashangaza: utafiti umejikusanya mwanzoni na mwishoni mwa safari ya shaba, na katikati pameachwa peupe. Ni nchi ya nyanda za juu zenye nyasi, baridi usiku, vijito na mabonde ya kinamasi, ambayo Wazela, Waluba, Wasanga na Walomotwa wameishi pembeni na ndani yake. Miamba yake ni mikongwe kuliko ile ya shaba. Jina la Kibara limepewa ukanda mzima wa kijiolojia unaopanda hadi Kivu na Rwanda, na matale yake yamebeba bati na koltani. Hakuna haja ya kutafuta Kalukuluku nyingine huko. Kinachopaswa kutafutwa ni vitu vingine vitatu.

Cha kwanza ni chuma. Sururu zilizochimba malakiti, shoka zilizokata miti ya makaa, nyundo na fuawe zilizozikwa na wakubwa wa Upemba, zote zilitengenezwa kwa chuma, na bonde la maziwa lilitegemea miinuko iliyolizunguka. Chuma kina faida kwa mwanaakiolojia: huacha mavi ya chuma, mabonge mazito meusi ambayo hayaozi, hayayeyuki, na hayana mnunuzi. Shimo la shaba hurudiwa na mchimbaji mpya, lakini lundo la mavi ya chuma kando ya kijito huachwa lilipo. Ndani ya bonge lake mara nyingi hubaki kipande cha kaa kinachoweza kupimwa umri.

Cha pili ni njia. Msafara wa wachukuzi wenye mizigo ya shaba hauvuki milima popote. Hutafuta kivuko, maji ya kunywa, na mahali pa kulala. Vituo hivyo huacha vigae vya vyungu vya kabila zaidi ya moja mahali pamoja, na mwenye jicho lililozoea anavitambua.

Cha tatu ni karne ya 20 yenyewe. Wako wanaodhani akiolojia huishia walipofika Wabelgiji. Mitwaba inawapinga. Bati lake lilichimbwa wakati wa ukoloni kwa jembe, koleo na mifereji ya kuosha mchanga, na Japani ilipoteka Malaya mwaka 1942, bati la Kongo likawa silaha ya washirika wa vita. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi za lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Ofisi za kampuni ziliandika tani. Mifereji, mabwawa, misingi ya kambi na makaburi ya wafanyakazi ndivyo vinavyoweza kueleza watu waliotoa tani hizo waliishije, walikula nini, walilala wangapi chumba kimoja. Vizazi vinavyokumbuka vinakwisha, na kwa sehemu hii ya historia muda uliobaki ni mfupi kuliko kwa karne ya 14.

Kwa nini hapo katikati pamebaki patupu? Sababu moja ni vita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi kati ya Mitwaba, Manono na Pweto iliitwa pembetatu ya kifo; vijiji vilichomwa, na kiongozi wa wanamgambo wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha Mitwaba kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa mwezi Mei 2006, lakini fujo hazikuisha siku hiyo. Hakuna chuo kinachopeleka wanafunzi kufukua ardhi katika hali kama ile. Sababu ya pili ni ya zamani zaidi, nayo ni mawazo. Mwaka 1939 iliundwa Hifadhi ya Taifa ya Upemba, yenye kituo chake cha Lusinga juu ya nyanda hizi, na baada ya vita kuu msafara wa G. F. de Witte ulikaa humo kuanzia 1946 hadi 1949 ukikusanya vyura, mijusi, wadudu na mimea. Matokeo yake ni mfululizo mrefu wa vitabu, na ni kazi ya kuheshimiwa. Ila mipaka ya hifadhi ilipochorwa, nchi ilielezwa kuwa pori, na pori halina historia ya watu. Nyasi za juu ya mlima zilichukuliwa kuwa za asili tangu milele. Huenda sehemu ni hivyo. Lakini kila tanuru la chuma lilikula makaa, na makaa ni miti. Mpaka maeneo ya wahunzi yahesabiwe, haitawezekana kujua mkono wa binadamu umefika wapi katika sura ya nyanda hizi.

Kusini, wakati huo huo, vilima vinakwenda. Kongo sasa inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, na mgodi wa wazi hauachi kilima. Huacha tundu kubwa kuliko kilima. Maua yaliyowaonyesha watafiti matanuru ya kale yanatoweka pamoja na udongo wake. Hata lundo kubwa la taka za tanuru la Lubumbashi, kumbukumbu ya karne nzima ya jasho la jiji, limekuwa likichakatwa upya kwa ajili ya kobalti iliyosalia ndani yake. Sheria ipo: ile ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya kulinda mali za utamaduni haikufutwa na kanuni ya madini ya 2002 wala na marekebisho ya 2018. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama kilimani kabla ya mtambo kufika.

Mtu huyo si lazima atoke kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Wachimbaji wadogo wa Katanga ndio wa kwanza kuangukia mashimo ya kale, kwa sababu wanafuata mishipa ile ile ya jiwe kwa mkono, kama waliowatangulia. Wanayajua, na wakikuta kipande cha mrija wa udongo wa kupulizia tanuru au sururu iliyoliwa na kutu, wanaitupa pembeni kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza. Sisemi hili kuipamba kazi yao. Mashimo yanayowaporomokea na watoto wanaochambua mawe ni aibu ya wakati wetu. Nasema kuwa maarifa wanayo, na mtafiti anayewapita bila salamu anapita kando ya maktaba.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Makumbusho ya Taifa ya jiji hilo hilo, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1940 na Francis Cabu, vinatosha kuanzia. Mahali pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni Mitwaba, na kwenye chuma. Bajeti ya kutembea kando ya vijito na kipokea GPS, kamera na daftari, pamoja na wazee wa Kizela wanaojua majina ya mahali, ni ndogo kuliko ya kufukua kaburi moja vizuri. Kila lundo la mavi ya chuma lipimwe upana, lichukuliwe sampuli ya makaa, liwekwe kwenye ramani. Malundo hamsini yaliyopimwa yataonyesha ni karne gani nyanda za juu ziliwaka moto zaidi. Karne hiyo ikiangukia pale pale ambapo misalaba midogo inaongezeka Sanga, tutakuwa tumekipata kiungo kilichokosekana. Ikiangukia kwingine, itabidi simulizi la Upemba liandikwe upya.